Chungu Changu na Spageti za Mkwe Wangu

6 Septemba

Mwanangu Learco amerudi nyumbani, na kwa furaha hiyo nimetoa daftari lake la zamani la shule, kurasa nyingi bado nyeupe, nianze kuandika. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini mwalimu alikuwa akiinua maandishi yangu juu ili darasa zima lione maana ya mwandiko.

Karudi kutoka Ujerumani na mke. Habari za mke zilikuwemo kwenye barua, ila wembamba wake haukuandikwa. Anaitwa Nunziata, mtu wa Calabria, kusini kabisa. Walikutana kwenye kantini ya kiwanda, Learco akipika, yeye akiosha masufuria. Learco ni mpishi hodari. Kaupata wapi upishi? Tumboni mwangu, wapi kwingine.

Na sasa sababu ya kurudi. Mgahawa wa darajani unaachwa. Mpangaji anaondoka siku ya Mtakatifu Martino, tarehe kumi na moja Novemba, siku ambayo huku kwetu mikataba yote hufika mwisho na kila mwenye kuhama hupakia vitanda. Learco anautaka mgahawa ule. Akiupata, atabaki hapa nami nimzeekee machoni. Akiukosa, wanarudi Ujerumani. Alisema hivyo mezani huku akiitazama sahani.

"Kula," nikamwambia. "Umeshaupata."

8 Septemba

Joto. Masanduku yao yako chini ya kitanda, bado yamefungwa kamba. Nimefagia kando yake.

13 Septemba

Bi Cleonice, mwenye mgahawa, kaja kula chakula cha mchana. Nilimwalika mwenyewe, mbele ya kanisa, watu wakisikia, ili asipate pa kukwepea. Ana umri wa kuzikwa mara mbili, lakini anakula kama mvuna ngano.

Nilisukuma tambi za mayai alfajiri, nyembamba hata ungeweza kumwona padri kupitia kwazo. Ragu, mchuzi wetu wa nyama, ilikaa motoni tangu kabla ya misa: karoti, seleri, kitunguu, nyama ya ng'ombe, nyama ya tumbo la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, divai, nyanya kidogo, maziwa mwishoni. Ragu ya Argia Malaguti inajulikana kutoka mfereji huu hadi mfereji ule. Harusi tatu zimeahirishwa mpaka nipone homa.

Bi Cleonice akala. Akapangusa sahani kwa mkate. Akajifuta mdomo, akasema:

"Tamu."

Nikatabasamu.

"Lakini nimewahi kula tamu zaidi."

Nilihisi kama mtu kanivua kitambaa kichwani mbele za watu. "Wapi?" nikamuuliza. "Kwa nani?"

"Mahali," akasema. Akageukia Learco. "Kijana, kuna mtu wa mjini Bologna anautaka mgahawa wangu pia. Ana pesa, na anataka kuweka mashine ya muziki. Yeye atanipikia siku moja kabla ya Martino. Wewe utanipikia Martino yenyewe, kulekule jikoni, mpangaji akishatoka. Nikishiba ndipo nitasema ufunguo ni wa nani."

Akaondoka. Nunziata akakusanya sahani bila kuzigonganisha. Mimi nikasema, "Tamu zaidi? Tamu zaidi ataila kwangu."

20 Septemba

Tumevuna zabibu wiki nzima, mgongo haunitii. Na leo, Jumapili, nimegombana na mkwe.

Niliamua kila Jumapili nitabadilisha kitu kimoja tu kwenye ragu, nijue kilichopungua. Leo nilianza na nyama. Niliacha ya paja, nikachukua kile kiwambo cha ng'ombe kinachotenganisha mapafu na tumbo, kinachodharauliwa na wasiojua. Nikaweka chungu motoni, nikatoka kuita kuku. Niliporudi nikasikia harufu. Nikachota kwa mwiko. Nini hicho kimeelea? Punje ya kitunguu saumu.

"Nunziata!"

"Naam, Mama."

"Hii nini?"

"Kitunguu saumu, Mama."

"Najua ni kitunguu saumu! Kimeingia kwa miguu yake?"

"Nimekitia mimi. Kimoja tu. Kwetu mchuzi bila saumu ni kama bibi harusi bila viatu."

"Basi kwetu bibi harusi anatembea peku na bado anaolewa! Katika chungu hiki, cha mama yangu na cha mama yake, saumu haijawahi kupita hata kwa bahati mbaya."

Akakitoa kwa kijiko, akakila. Akakitafuna palepale, ananitazama. Hakucheka, hakulia. Learco alitoa kichwa dirishani, akaona nyuso zetu, akakirudisha.

Ragu ilikuwa bora kuliko ya wiki iliyopita. Kiwambo ndicho. Nilisema hivyo mezani, mara mbili.

24 Septemba

Mvua. Hakuna jambo.

27 Septemba

Leo nimebadilisha divai, nyeupe badala ya nyekundu. Ni bora. Mchuzi umekuwa mwepesi mdomoni, unakuita kijiko kingine. Jirani yangu Desolina kaonja kwenye ukuta unaotutenganisha, akasema, "Argia, hii inaweza kumfufua marehemu mume wako." Nikamwambia amwache Primo alipo, alikuwa anakula chakula cha watu wawili.

2 Oktoba

Ijumaa, kwa hiyo Kanisa halituruhusu nyama. Kama ilivyo desturi, siku kama hizi tunakula spageti, zile kavu za dukani, kwa mchuzi wa samaki jodari. Spageti ni za Ijumaa na za mkesha wa Krismasi, pamoja na samaki, basi. Anayemwaga ragu ya nyama juu ya spageti huku kwetu ni mgeni au ana homa. Learco anasema Wajerumani waliagiza hivyo kila siku kantini, na kuiita kwa jina la mji wetu, Bologna. Masikini Wajerumani.

Nilimwachia Nunziata apike, kwani spageti hata mtoto anaweza. Nikamwona anazitoa kwenye maji mapema.

"Hizo bado mbichi, binti."

"Zitaivia kwenye mchuzi, Mama."

Akazitupa kwenye kikaango cha samaki, akaongeza upawa wa maji yaleyale ya kuchemshia, akawa anazirusha na kuzigeuza mpaka mchuzi ukawa kama umeshonwa juu yake. Sisi huwa tunazichuja na kumwagia mchuzi juu.

Nilikula. Nikasema chumvi iko sawa.

4 Oktoba

Ukungu wa kwanza asubuhi, kama maziwa mferejini. Ragu ya leo: nyanya nimepunguza. Sijui. Labda bora, labda sawa. Nimelala vibaya. Tamu zaidi, kwa nani?

11 Oktoba

Leo lazima niandike kirefu.

Desolina aliniita ukutani kwa jambo la mara moja, na mambo ya Desolina ya mara moja yana watoto. Niliacha nyama ndiyo kwanza imeingia chunguni, nikamwambia Nunziata, "Koroga, usiache." Niliporudi, mwanamke kasimama mikono kiunoni, mwiko mezani, na nyama inashika chini.

"Inaungua!" nikapiga kelele. "Unaniunguzia!"

"Haiungui, Mama. Sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Nyama. Mwanzo ina maji, inalia shwaaa. Ukiikoroga wakati huo unaichemsha, hukaangi. Iache. Maji yakikauka inabadilisha sauti, inaanza kupasuka pasuka. Sasa hivi inaimba. Hapo ndipo unaigeuza."

Miaka yote nimekuwa nikikoroga. Mama yangu alikoroga. Nikataka kumnyang'anya mwiko, lakini sikio langu likaenda lenyewe. Kweli, ile shwaaa ilikuwa imekwisha, chungu kilikuwa kinatatarika kama kuni kavu. Akageuza nyama. Chini ilikuwa kahawia ya njugu zilizokaangwa, na nyingine imeganda kwenye udongo wa chungu.

"Na hicho kilichoganda?"

"Kitilie divai, Mama. Wewe ndiye mwenye divai."

Nikatia. Mvuke ukapanda, nikakwangua, na ule ukoko wote ukayeyuka ukaingia mchuzini. Haki ya Mungu, kama ningekuwa mtu wa kuapa, ningeapa. Tuliacha itokote polepole mpaka mchana, kipovu kimoja kikiomba ruhusa kwa kingine. Tulipoonja, Learco aliweka uma chini.

"Mama," akasema, "umefanya nini?"

"Nyama isikorogwe mapema," nikasema. "Iachwe iimbe."

Nunziata alikuwa anakata mkate. Aliendelea kukata.

14 Oktoba

Nimemweleza Desolina jinsi nilivyogundua siri ya nyama kuimba. Kafungua mdomo. Nimemwambia ni sikio tu, mtu huzaliwa nalo.

15 Oktoba

Learco hakuniletea kahawa leo kama kawaida yake. Nikamuuliza ana nini.

"Ulimwambia Desolina nini, Mama?"

"Nilimwambia habari za ragu."

"Ulimwambia siri ni yako. Gildo mumewe kanipongeza barabarani, ati mama yako ana sikio. Nunziata alikuwa pembeni yangu."

"Na yeye kasema nini?"

"Kasema, 'Kweli analo.' Mama, mwanamke huyu aliacha kwao, akaenda Ujerumani, akaja huku unakomwita 'yule'. Hajalalamika hata siku moja. Lakini sanduku lake hajalifungua. Umejiuliza kwa nini?"

Nilidhani wanangoja mgahawa. Kumbe Nunziata alikuwa akiningoja mimi.

18 Oktoba

Ragu. Nyama kaitazama Nunziata, mboga nimekata mimi. Kungumanga tumejaribu, tukaitoa. Hatukugombana. Ananiambia kisu changu ni butu. Ni butu kweli.

25 Oktoba

Mvua siku nne mfululizo. Nimemuuliza Nunziata mama yake alikuwa akipika nini Jumapili. Kacheka, mara ya kwanza namwona meno. "Maharage, Mama. Na akiwa na furaha, maharage." Kumbe meno mazuri.

1 Novemba

Watakatifu Wote. Tumempelekea Primo maua. Nimemwambia kaburini kwamba ragu kama yetu ya sasa hakuna aliyewahi kuila. Nimesema "yetu". Nunziata alisikia, akajifanya anang'oa majani.

8 Novemba

Jumapili ya mwisho. Ragu haiwezi tena kuwa bora zaidi. Nimeiambia nyumba nzima na kuku. Learco anakonda. Anasema akiukosa mgahawa treni ni ya tarehe kumi na tatu. Nimemwambia asinitajie treni mezani.

11 Novemba, Mtakatifu Martino

Ukungu. Ukungu wa kukata kwa kisu, hata kisu changu kile butu.

Ragu niliipika jana, kwani ragu ikilala inaamka imekuwa na akili. Tambi ndizo hazilali: tambi za jana ni za jana. Kwa hiyo zilipaswa kusukumwa kulekule mgahawani asubuhi hii, kwa ubao wangu na mti wangu wa kusukumia unga, ambao mama yangu alikuja nao alipoolewa. Jiko la mgahawa mpangaji analiacha uchi, anachukua hata misumari.

Learco alikuwa na kigari kidogo cha kuazima, ndani yake kikaango, sahani, jibini na mkate. Nunziata akasema, "Mama, ubao niupakate mimi, na kikapu cha mayai na unga nikiweke miguuni."

Na mimi nikasema nini? Nikasema: "Mikono iliyozoea spageti za dukani haishiki ubao huu." Nilisema kwa utani, nadhani. Kwa utani kidogo. Kwetu, siku ya kuhama, ubao na mti wa kusukumia hutangulia kwenye trekta, mbele ya vitanda, mbele ya picha ya Bikira, vinaingia nyumba mpya kwanza ili nyumba isikose chakula. Basi nikataka vitangulie kwa heshima. Nikampa Gildo avipakie kwenye trekta lake, alilokuwa akihamishia vitanda vya watu, pamoja na unga na mayai. Mimi nikapakata chungu.

Tukafika darajani. Trekta halikufika.

Tulingoja. Tukasikia honi za matrekta mengine kwenye ukungu, watu wanahama huku na kule kama roho zilizopotea na vitanda. Learco alikimbia barabarani akipiga mbinja, akarudi mweupe. Kengele ya kanisa ikapiga saa sita. Na Bi Cleonice akaingia, fimbo yake na kanzu yake nyeusi, akaketi kwenye kiti kilichosalia jikoni.

"Jana nimekula kwa yule wa mjini," akasema. "Kilikuwa kizuri. Nina njaa."

"Dakika chache tu, Bi Cleonice," nikasema.

"Nina miaka themanini na sita. Dakika chache ni mali."

Nilikaa juu ya sanduku la kuni. Ragu bora kuliko zote duniani iko chunguni, na hakuna cha kuiwekea, kwa sababu sikutaka mkwe wangu ashike ubao.

Nunziata akafungua mkoba wake. Akatoa paketi mbili za spageti.

"Nilizibeba za chakula cha jioni," akaninong'oneza. "Siku ya kuhama mtu hajui."

"Spageti?" nikasema. "Na ragu? Mbele ya Bi Cleonice? Afadhali nimpikie viatu."

"Mama, yeye ana njaa na treni iko keshokutwa."

Nikamtazama Learco. Alikuwa anamtazama mke wake. Nikanyanyuka. Nikasema kwa sauti ya kutosha kusikika: "Nunziata, mwanangu, jiko ni lako. Mimi nitakushikia kifuniko."

Akachemsha maji kwenye sufuria aliyoiacha mpangaji kwa kuwa ilikuwa imevunjika mpini. Akazitoa spageti mapema, ngumu bado. Akachota ragu yetu, akaipasha kikaangoni, akazitupa humo, akaongeza maji yaleyale, akarusha, akageuza, akarusha. Mimi nikamwagia jibini ngumu iliyokunwa. Kila uzi ulitoka umevaa nyama. Haikuwa ragu juu ya spageti kama wafanyavyo wageni. Vilikuwa vimeoana.

Bi Cleonice alitazama sahani. Akamtazama Learco. Akanitazama mimi.

"Argia, hizi ni spageti."

"Ndiyo."

"Leo si Ijumaa."

"Si Ijumaa."

"Na hii ni nyama."

"Bi Cleonice," nikasema, "kula kwanza, kisha nitukane."

Akala. Alizungusha uma, akala, akazungusha, akala. Akamaliza. Akasogeza sahani mbele.

"Hili ni kosa," akasema. "Kosa kubwa. Niongezeeni."

Akala ya pili. Akala na iliyobaki kikaangoni, kwa mkate. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, mrefu kama kijiko. Learco akanyoosha mkono. Bi Cleonice akampita, akamshikisha Nunziata.

"Mgahawa ni wa mwanaume kwenye karatasi," akasema. "Jiko ni la anayejua kufanya nini trekta lisipofika. Spageti hizi ziwe za wageni. Mimi Jumapili nitakuja kula tambi za mayai."

Learco alicheka, halafu akageukia ukuta. Mimi nilikuwa na swali langu, lililonikosesha usingizi tangu Septemba.

"Bi Cleonice. Ile tamu zaidi. Uliila wapi? Kwa nani?"

Akafunga vifungo vya koti lake taratibu.

"Haipo, mwanangu. Kila mpangaji wangu namwambia hivyo. Mtu akishaambiwa chakula chake ndicho kitamu kuliko vyote, anaanza kupunguza nyama."

Akatoka na fimbo yake. Ukungu ukamla kabla hajafika darajani.

Gildo alifika jua likiwa limeinama, trekta limejaa matope, lilikuwa limelala mtaroni pale kwenye kona. Ubao mzima, mti mzima, mayai yote salama isipokuwa mawili. Desolina alikuwa juu, amekalia godoro. "Argia!" akapiga kelele. "Mmekosa? Mmepata? Mlikula nini?"

Nikampokea ubao. Nikampa Nunziata aingie nao ndani, mbele ya vitanda, mbele ya Bikira.

"Tumepata," nikamwambia Desolina. "Na sikiliza, ile siri ya nyama kuimba, sikio si langu. Ni la mkwe wangu. Kazaliwa nalo."

"Ulisema ni lako!"

"Nilisema. Lakini mkwe kama huyu, Desolina, unadhani mtu yeyote tu anampata?"

12 Novemba

Nimesugua jiko lote. Nunziata kafungua sanduku lake. Kamba yake tumeifunga kutoka dirishani hadi kwenye bomba la jiko, na leo zimeanikwa juu yake tambi za mayai alizosukuma yeye. Ni nene kama mshipi wa farasi. Nimemwambia hivyo, naye kaniambia kisu changu bado ni butu.